Mkopo umetoka, lakini nani aliamua?

Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, hapa Tanga mambo ni yale yale. Vitenge vya sare, matarumbeta, mabanda ya wajasiriamali yenye sabuni za maji na achari za embe, kisha mgeni rasmi anasimama na kusoma hesabu: vikundi vya wanawake vilivyosajiliwa ni kadhaa, shilingi zilizokopeshwa ni kadhaa, waliopewa mafunzo ni kadhaa. Tunapiga makofi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Sina ugomvi na sherehe, na kitenge nakipenda kuliko wengi. Ugomvi wangu ni na hesabu zenyewe, kwa kuwa zinawahesabu waliopokea na kuishia hapo hapo. Aliyepokea aliifanyia nini ile pesa? Aliamua mwenyewe au aliamuliwa? Na kama aliamua mwenyewe, palikuwa na njia ya pili mbele yake, au ilikuwa hiyo hiyo moja?

Maswali haya si yangu. Nimeyachukua kwa profesa ambaye sijawahi kumwona na sidhani kama nitamwona.

Anaitwa Naila Kabeer. Ni mchumi, Mbengali aliyezaliwa Calcutta mwaka 1950, familia yake ikahamia upande ambao leo ni Bangladesh. Alisomea London, akafanya kazi miaka mingi katika taasisi ya masomo ya maendeleo huko Sussex, kisha akarudi London School of Economics alikopatia shahada yake ya uzamivu, safari hii kufundisha jinsia na maendeleo ya kimataifa. Mimi nilimsoma mara ya kwanza nikiwa nachukua diploma ya maendeleo ya jamii, kwenye fotokopi iliyofifia kiasi kwamba mistari mingine ilibidi kuibahatisha. Kiingereza chake si chepesi, nisiseme uongo. Lakini alikuwa na tabia iliyonifanya nisiitupe ile fotokopi: kila akishataja nadharia nzito, anarudi kumtafuta mwanamke anayehusika na kumsikiliza anasemaje.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyoitoa mwaka 2000, kuhusu wanawake wa Kibangladeshi wanaoshona nguo katika miji miwili, Dhaka na London. Kwa akili ya kawaida ungetegemea nini? Dhaka ni mji wa nchi maskini, ya Waislamu, ambako desturi ya purda ilimtaka mwanamke asionekane onekane barabarani. London ni London. Basi ungesema wa London ndio watakaokuwa viwandani na wa Dhaka ndio watakaokuwa wamejifungia. Ikawa kinyume. Viwanda vya nguo za kuuza nje vilipoanza kuota Dhaka miaka ya 1980, wasichana na wanawake walitoka kwa maelfu, asubuhi wanatembea barabarani kwenda kazini na jioni wanarudi. Wale wa London, katika mitaa ya mashariki ya jiji, walikuwa wakishona nyumbani, cherehani pembeni ya kitanda, kazi inaletwa mlangoni na malipo ni kwa kipande.

Jibu la haraka lingekuwa kusema hawa wameelimika na wale hawajaelimika, au hawa wanabanwa na dini na wale hawabanwi. Kabeer hakukubali jibu la haraka. Aliwauliza. Wa Dhaka walikuwa wametoka vijijini, mbali na majirani wa kuwasema, na baadhi yao waliielezea purda upya: heshima ni ile uliyonayo moyoni na jinsi unavyotembea, wala si ukuta wa nyumba. Wa London waliishi katikati ya jamii yao wenyewe iliyojibana pamoja kwa sababu ya ubaguzi wa nje, kila mtu anamjua kila mtu, na kazi zilizokuwepo nje kwa watu wao zilikuwa chache. Yaani nchi tajiri haikumpa mwanamke yule nafasi ya kuchagua, na nchi maskini ikampa kidogo.

Hapa pia ndipo ninaposita. Mwaka 2004 Kabeer aliandika akipinga wale waliotaka biashara ya nguo iwekewe vikwazo vya kimataifa kwa sababu ya hali mbaya za viwandani. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaodhani wanawatetea wale wasichana wangewapokonya kazi, na waliobaki nje ya viwanda wana hali mbaya zaidi. Nilikubaliana naye nilipoisoma. Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Najua yeye hakusema viwanda vibaki kama vilivyo. Najua pia kwamba kufunga viwanda kusingewarudishia wale watu uhai. Lakini tangu hapo siwezi kuisoma ile hoja bila kusikia uzito upande wa pili, na nadhani mwanafunzi mzuri wa Kabeer anatakiwa asikie hivyo hivyo.

Sasa nije Tanga.

Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana. Wanachama wetu wengi ni wakaanga samaki na wachemsha dagaa, wanaokwenda alfajiri soko la Deep Sea na wengine Sahare. Mnaojua kazi ile mnajua. Vyombo vinaingia, dalali anapiga mnada, mwanamke ananyanyua mkono kwenye ndoo ya dagaa au fungu la vibua, analipa hapo hapo au anaandikwa. Kisha kuni, karai, mafuta, moshi machoni. Dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa kwenye chanja, na mvua ikinyesha mchana ule mtaji wote unaoza. Watu wa bara wakila dagaa wa pwani wanadhani wametoka baharini moja kwa moja hadi kwenye kifuko.

Taifa zima likimtaja mwanamke wa Tanga linacheka. Mapishi, udi, kanga, mahaba, mgeni aliyekuja kwa siku moja akasahau kurudi kwao. Nacheka na mimi, halafu nachoka. Sifa zetu zote zinaishia jikoni na chumbani, na anayelisha nusu ya mtaa kwa karai lake hana utani wake.

Kabeer katika makala yake ya mwaka 1999 aliligawa suala la uwezo wa mwanamke katika mambo matatu. Kuna alivyo navyo: pesa, ardhi, elimu, watu wa kumshika mkono. Kuna nguvu ya kuamua jambo lake na kulitenda, hata kama ni kwa kubembeleza, kwa kuficha, kwa kugoma kimya kimya. Na kuna matokeo, yaani alikofika. Akasema tusihesabu cha kwanza tukadhani tumeshapata cha tatu, maana katikati pana mtu anayeamua au asiyeamua. Akaongeza jambo lililoniingia zaidi: chaguo ni chaguo pale tu ambapo mtu angeweza kuchagua vinginevyo. Tena si chaguzi zote zina uzito sawa. Kuchagua rangi ya dera ni kitu kimoja. Kuchagua uolewe lini na nani, uishi wapi, uzae au usizae, utoke au usitoke, hayo ndiyo yanayobeba maisha. Hapa kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na ilibidi Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziseme kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Ungempa mikopo mingapi binti aliyeozwa hivyo ndipo ulingane na uamuzi ule mmoja?

Chukua mfano wa mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa haupo, taa zinawavuta, vyombo vinarudi vimejaa. Mwezi ukikomaa, bahari yote inang'aa, taa hazina kazi, na kwa siku kadhaa vyombo vya dagaa vinalala ufukweni. Kila mtoto wa Sahare anajua hilo. Anayekopesha halijui, au analijua na halimhusu. Ile mikopo tuliyoipachika jina la kausha damu inataka marejesho kila wiki, mingine kila siku, mwezi uwe mchanga uwe mpevu. Wiki ya mbalamwezi mwanamke hana dagaa wa kuchemsha, marejesho yamefika, anakopa kwa mwingine kumlipa wa kwanza. Wiki inayofuata wanakuja kubeba friji. Kwenye takwimu huyu amehesabiwa mara mbili kama mwanamke aliyefikiwa na huduma za kifedha, maana alikopa sehemu mbili.

Alichagua? Karatasi ina sahihi yake. Ila ukimuuliza kwa nini hakungoja mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, atakwambia fomu zile zinahitaji kikundi, katiba, akaunti ya benki, na mtu wa kukufuatilia jalada. Na mwaka 2023 Serikali yenyewe iliusimamisha kwa muda ili kuutengeneza upya, baada ya kelele nyingi kuhusu vikundi hewa na pesa zisizorudi. Kwa hiyo siku ile mtoto anatakiwa ada, njia iliyokuwa wazi ilikuwa moja.

Halafu kuna mkopo unaoingia kwa mke na kutokea kwa mume. Hili kila katibu wa kikoba analijua na hakuna anayeliandika. Kwenye fomu sababu ni "biashara". Biashara ya nani? Mashine ya boti ya mume. Bodaboda ya kijana. Mwaka 1996 watafiti wawili, Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta, walionesha kuwa huko Bangladesh sehemu kubwa ya mikopo iliyotolewa kwa wanawake ilikuwa ikiendeshwa na wanaume, na dunia iliyokuwa inashangilia mikopo midogo ikashtuka. Wengi wangemaliza hapo: mwanamke ametumika kama mlango. Kabeer, katika utafiti alioutoa mwaka 2001, hakuwakatalia hesabu zao. Alikwenda kuwasikiliza wakopaji wenyewe, na wao wakampa mizani nyingine. Baadhi walisema kwamba kuwa yeye ndiye chanzo cha pesa ndani ya nyumba kumebadilisha namna anavyosemeshwa. Kelele zimepungua. Anaulizwa kabla ng'ombe hajauzwa. Wengine wala, mambo yalibaki kama yalivyokuwa au yakawa mabaya.

Kilichonivutia ni kwamba hakuwaamini wanawake kama watoto wasiokosea. Anajua mwanamke anaweza kuchagua jambo linalomuumiza kwa sababu hajawahi kuona jingine: kula mwisho na kula kidogo, kumpa wa kiume shule na wa kike jembe. Alikuwa anasikiliza huku akipima. Mimi nimeona wasomi wa namna mbili, wanaowasemea wanawake na wanaowapigia makofi, na wote wawili hawana haja ya kuuliza swali la pili.

Mama mmoja katika kikoba chetu alinunulia mumewe mashine kwa mkopo wake. Nilimhukumu kimoyomoyo, kisha nikamuuliza. Akanijibu: "Dada, kile chombo kikileta dagaa, ndoo ya kwanza ni yangu bila mnada. Na mgao wa mashine nauchukua mimi, si yeye." Wenye kujua mgao wa baharini watamwelewa: chombo kina fungu lake, mashine ina fungu lake, nyavu zina fungu lake, kisha ndio mabaharia. Kwa maana nyingine huyu ni tajiri wa mashine ambaye hajawahi kupanda chombo. Mwenzake alifanya jambo lile lile, mashine ikanunuliwa, mume akahamia nayo Pangani akaoa mke mwingine. Fomu zao mbili ukiziweka pamoja hazina tofauti hata ya nukta.

Jambo la urithi ndilo lililonifanya niamini kwamba Kabeer, bila kukanyaga Tanga, anatujua. Sheria ya Kiislamu inampa binti fungu lake, nusu ya fungu la kaka. Liko wazi, mashehe wanalifundisha, na shamba la minazi likigawanywa jina la binti linatajwa. Kisha binti huyo huyo anamwachia kaka yake. Nimeliona kwa shangazi yangu. Nilipokuwa nimerudi likizo na diploma yangu kichwani nikamwambia, shangazi, hiyo ni haki yako kwa Mungu na kwa sheria, kwa nini umeiacha? Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nikiachika usiku, minazi haitanifungulia mlango. Atanifungulia kaka yangu."

Kabeer ameandika kuhusu jambo hilo hilo kwa wanawake wa Kiislamu wa Bangladesh: wanaacha fungu lao kwa kaka ili mlango wa nyumbani ubaki wazi siku ndoa ikivunjika. Kisheria wana ardhi. Kwa hali halisi wameibadilisha kwa bima. Anayehesabu wenye hati atasema shangazi yangu hana uwezo. Anayehesabu sheria atasema anao. Yeye alikuwa amepiga hesabu yake barabara, katika dunia ambayo haikumwekea pa kwenda pengine. Kama unataka shangazi wa kesho wabaki na minazi yao, anza na pa kwenda usiku ule. Semina ya haki za urithi peke yake itamfundisha kitu anachokijua tangu madrasa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Nimeeleza kwamba mwenyewe si Mzungu, na maswali yake yametoka kwa washonaji wa Dhaka. Lakini hata tukimweka pembeni, hapa nyumbani hatukuanza jana. Marjorie Mbilinyi, aliyezaliwa Marekani akachukua uraia wa Tanzania, na Profesa Ruth Meena walifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika kuhusu wanawake wa nchi hii miaka ambayo somo lenyewe lilionekana la mzaha. Mbilinyi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TGNP, mtandao wa jinsia Tanzania, mwaka 1993, na kwa miaka mingi semina zao za kila Jumatano pale Mabibo, Dar es Salaam, zilikuwa wazi kwa yeyote, mama lishe akikaa kiti kimoja na mhadhiri. Aliyeongoza maandalizi ya mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 ni Gertrude Mongella, wa Ukerewe. Na mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao. Ameacha jina lake kwenye vitabu vya sheria, na wanawake waliofuata ndio wanaolitumia.

Kinachonisumbua ni kwamba vyuo vyetu vinazalisha wahitimu wa jinsia na maendeleo kila mwaka, na wengi wakiajiriwa kwenye mradi kazi yao ya kwanza ni kujaza jedwali: wanawake wangapi, wanaume wangapi. Siwalaumu, jedwali limeletwa na mwenye pesa na tarehe ya ripoti imeshapita. Ila mtu aliyesoma kuhusu nguvu ya kuamua kwa miaka mitatu, kisha akaishia kuhesabu vichwa chini ya mwembe na kugawa soda, amepotezewa elimu yake.

Kikoba chetu kinavunja mwaka karibuni, na kabla ya mgawo huwa tunabadilisha kanuni. Nimependekeza mambo mawili. La kwanza, marejesho yafuate mwezi kwa wale wa dagaa: walipe zaidi giza linapokuwa na vyombo vinavua, wapumzike siku za mbalamwezi. Hilo lilipita bila ubishi, tena washika funguo wote watatu wa sanduku letu walicheka kwamba tulikuwa wapi siku zote. La pili, kwenye daftari la mikopo tuongeze safu mbili baada ya "sababu ya mkopo": nani aliamua, na kitu kitakachonunuliwa kitakuwa cha nani.

Hapo palizuka zogo. Mhazini wetu, mwanamke mtulivu kuliko sote, ndiye aliyesimama kupinga. "Katibu, ukiandika hivyo, na mume wangu akaliona daftari, mimi nitamjibu nini?" Wenzake wakaitikia. Mmoja akasema sasa hivi anaweza kusema uongo mdogo kwenye fomu na maisha yakaendelea. Safu yangu itamvua uongo huo, nao ndio unaomsaidia kupumua. Sikuwa na jibu la haraka, na Kabeer amenifundisha nisilitafute.

Tumeafikiana kwamba maswali yataulizwa kwa mdomo, na mkopaji atajibu akitaka. Mimi nitaandika namba tu, bila jina, kwenye daftari dogo litakalokaa ndani ya sanduku la kufuli tatu. Mwisho wa mwaka tutasoma jumla mbele ya kikundi: mikopo mingapi iliamuliwa na mkopaji, mingapi na mwingine, mingapi kwa pamoja. Mhazini amekubali kwa sharti kwamba maafisa wakija kuomba takwimu zetu za Machi, daftari hilo lisitoke.